Bomba la kelele kwenye pikipiki ya safari: likamatwe au liachwe?

Transalp_Kamalondo: Jambo yenu wote. Niko na Honda Transalp 650, ya 2003. Bomba la moshi limeoza ndani. Fundi mmoja wa Kampemba amelichomelea mara mbili na bado linakohoa. Mvua ikiisha tunashuka Livingstone, Zambia, watu wanne: Kasumbalesa, Chingola, Lusaka, mpaka kwenye maporomoko. Nimeonyeshwa mabomba mawili. Moja ni inoksi, chuma kisichoshika kutu, zito, lina shikani yake ndani ya kutuliza sauti. Jingine titani, jepesi, limeshageuka buluu pale joto linapopita, shikani imetolewa. Bei yake mara mbili. Nichukue lipi? Na kuna wanaotaka polisi wakamate kila bomba la kelele hapa Lubumbashi. Mko upande gani?

Yaya_wa_RN1: Inoksi. Titani ni nyepesi kweli, kipande kilekile kinafika kama 60% ya uzito wa chuma. Lakini pikipiki yako na masanduku na wewe mwenyewe ni kilo mia tatu na kitu. Kilo mbili ulizolipia unazirudisha kwa chupa mbili za maji. Halafu ule mlio unaosifiwa, ukishika 100 kwa saa nzima unakuwa mvumo mmoja, haupandi, haushuki, unakaa kwenye meno. Upepo peke yake ndani ya kofia unapita desibeli 90, sasa ongeza hilo. Na pima sanduku la kulia kabla ya kulipa! Bomba liko upande huo. Mimi koti langu la mvua liliungua njia ya Fungurume, nikajua kwa harufu.

Bwana_Titani: Yaya, kwa heshima yote, hayo ni ya uzee. Sauti njo inaniokoa. Malori ya kobalti ya Kasumbalesa hayana macho, yana masikio. La asili lilikuwa desibeli 85, langu 95, tofauti kumi tu, kelele gani hapo? Mnataka kelele ya kweli nendeni muwasikilize bamanseba, wale wa pikipiki za kubeba abiria, wanaotoboa bomba kwa msumari. Wafungiwe wale kwanza, watuache sisi wenye pikipiki za kweli.

Manseba_wa_Katuba: "Pikipiki za kweli." Haya. Yangu ya uongo, ya 125, leo tangu asubuhi imebeba mama na mtoto wake, gunia la makala ya kupikia, na papa mmoja aliyeshika kioo cha kabati. Bomba langu halikutobolewa na msumari, limetobolewa na kutu na mashimo. Linalia kama cherehani. Jumapili asubuhi nani anapita avenue Mobutu mara tatu, kwenda na kurudi, hana abiria, hana mzigo, hana anakokwenda? Mimi saa hizo niko napeleka watu kwenye misa.

Bwana_Titani: Sikutaja mtu. Aliyevaa kofia imemwenea.

Manseba_wa_Katuba: Umetaja bamanseba. Unajua manseba ni nani? Ni mjomba, ndugu ya mama. Mjomba wako unasema "afungiwe"? Mahari ya dada yako utazungumza na nani?

Kilushois_Safi: Hapo nikatae kidogo. Neno ni la Kiluba na maana ni hiyo, sawa. Lakini mtu akipiga kelele "manseba!" barabarani haombi ushauri wa ukoo. Anaita pikipiki. Kinshasa wanaita wewa.

Mtoto_wa_Kipushi: Mimi naona ni heshima. Ungetaka waitwe nani, "msafirishaji wa abiria kwa tukutuku"?

Manseba_wa_Katuba: Ni heshima ukiwa unataka kupanda. Ukifika na kulipa inakuwa "we manseba, rudisha chenji".

Mama_Bel_Air: Basi nyinyi wajomba wote, wa cherehani na wa titani, mnapita chini ya dirisha langu. Mjomba gani anaamsha mtoto saa tano ya usiku? Nimemlaza mara nne jana. Ya nne ilikuwa pikipiki kubwa, niliiona kwa pazia, na haikuwa na mzigo wa makala.

Bwana_Titani: Mama, pole, lakini mji ni mji. Ukitaka kimya kuna mashamba Kipushi.

Mtoto_wa_Kipushi: Kipushi tumekosa nini tena?

Mwalimu_Mstaafu: Turudi kwenye ile "tofauti kumi tu". Desibeli hazihesabiwi kama maharage. Zikiongezeka 3, nguvu ya sauti imekuwa mara mbili. Zikiongezeka 10, nguvu ni mara kumi, na sikio la mtu linasikia kama mara mbili. Huko 85 njo mahali mfanyakazi anaanza kuambiwa avae vizibo vya masikio akikaa humo muda wa saa nane. Na jambo la pili: bomba linatazama nyuma. Lori linalokuja mbele yako linakusikia wakati mmeshapishana. Anayekusikia vizuri ni yule uliyemwacha.

Bwana_Titani: Mwalimu, umewahi kupanda pikipiki?

Mwalimu_Mstaafu: Baiskeli, miaka 31, Ruashi mpaka shule. Nimewasikia nyinyi wote, kutoka nyuma na kutoka mbele.

Goma_Mbao: Sisi Goma tuna tshukudu, ile skuta ya kusukuma ya kubebea mizigo. Mbao tupu, haina bomba, haina shikani, haina desibeli, na tumeijengea sanamu kwenye rond-point.

Kilushois_Safi: Ndugu, tshukudu ikishuka kutoka Kibumba na viazi, breki ni kiatu. Kelele anapiga anayeiendesha.

Goma_Mbao: Hiyo ni honi.

Fundi_Karbu: Nimesoma tangu juu. Hakuna anayesema la maana na mwenye swali ameanza kwa kutuchafulia jina. Kulichomelea bomba mara mbili si kosa la fundi. Mnatuletea chuma kilichokuwa biskuti, tukigusa na elektrodi kinatoboka pembeni, halafu "fundi wa Kampemba". Kampemba ina mafundi wangapi? Sasa sikiliza: Transalp yako ni ya karbu, yaani kabureta. Bomba lililofunguliwa sana linapitisha hewa kuliko jikleri zilizomo, vile vitundu vya kupimia mafuta, mchanganyiko unakuwa na mafuta machache, mota inachemka, na ukiachia gesi kwenye mteremko inalipua papapa nyuma. Watu wanafikiri ni mbio! Ni njaa. Ukichukua la titani bila shikani, ongeza bei ya jikleri na siku ya kuzipanga. Zile mpya za injeksheni ni habari nyingine: ukibadilisha kipande cha nyuma tu, kompyuta inavumilia, ukitoa na katalizeri ya kusafisha moshi, lazima programu ipangwe upya.

Bwana_Titani: Yangu inalipua papapa na iko fiti.

Fundi_Karbu: Nitakungoja.

Yaya_wa_RN1: Jamani, kijana aliuliza la Livingstone.

Transalp_Kamalondo: Nipo, Yaya, nilikuwa nasoma kimya. Fundi, unisamehe, sikumaanisha wote. Nimechukua la inoksi, shikani ndani. Lilikuwa linagusa sanduku, nimesogeza fremu kwa bolti ndefu na vipande vya bomba la maji, linapita vidole viwili. Nimejaribu mpaka peaji, pale pa kulipia barabara, na kurudi, mke wangu hakusikia nikiingia.

Mama_Bel_Air: Mungu akubariki.

Bwana_Titani: Safari njema. Ukivuka Kasumbalesa kumbuka kushika kushoto. Huko hawatakusikia.

Manseba_wa_Katuba: Kaka, na lile la zamani umelipeleka wapi? Nikilikata pale katikati, litaingia kwenye 125 yangu.

Mama_Bel_Air: Usimpatie.