Mgonjwa wa moyo kubanwa maji lita moja kwa siku, kuna utafiti wowote unaosapoti hili?

BintiTanga: Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 61, presha alikuwa nayo siku nyingi ila dawa anameza pale tu kichwa kikimgonga, mwaka jana miguu ikaanza kuvimba akawa hawezi kulala bila kuegemea mito, kupigwa eko (kipimo cha picha ya moyo) tukaambiwa moyo umetanuka na unasukuma kwa asilimia 30. Saa hizi namshukuru Mungu, anaenda sokoni na kurudi mwenyewe, dawa zake ni Lasix, losartani, karvediloli na spironolaktoni. Shida ni maji. Kaambiwa asivuke lita moja kwa siku, chai na uji humohumo, na joto la huku mnalijua. Juzi nimemkuta kafungua friza anakwangua barafu na kijiko anailamba kwa kujificha, mtu mzima yule jamani, na mdogo wangu ndo kajipa uaskari wa jagi kila kikombe anapima kwa hiyo ndani ni ugomvi tu. Naomba mwenye uelewa aniambie hii kitu ina ushahidi au ni mazoea tu?

Mkongwe77: Mpeni madafu binti yangu, yanakata kiu na kusafisha figo, sisi wazee wetu hawakujua hayo mambo ya kupimiana maji na wamefika miaka 90.

NesiZamuYaUsiku: Pole sana dada, mpe mama pole pia, kiu ya hawa wagonjwa si ya kawaida, dawa ya kukojoza, hiyo Lasix, inachangia na moyo wenyewe ukichoka unadanganya mwili kwamba maji yamepungua. Sasa kwenye swali lako, hii sheria ya lita moja au moja na nusu imetumika miaka mingi duniani kote na ushahidi nyuma yake ulikuwa mwembamba mno. Mwaka 2025 Waholanzi wakatoa majibu ya utafiti wao unaitwa FRESH-UP, walichukua wagonjwa 504 wa moyo waliotulia, wale wa kuja kliniki kwa miguu yao, kundi moja likabanwa lita moja na nusu na jingine likaambiwa kunyweni mnavyojisikia. Baada ya miezi mitatu hali zao hazikupishana kwa maana yoyote, ila waliobanwa ndo walioteseka na kiu zaidi. Kilichonifurahisha mimi ni hiki, walioachiwa huru walikunywa wastani wa mililita 1764 kwa siku na waliobanwa 1483, yaani mtu mzima ukimwachia hanywi pipa, anakunywa kiu yake basi.
Ila usikimbie kumfungulia bomba. Hao ni waliotulia, anayevimba upya au aliyeshuka sodiamu (chumvi ya kwenye damu) hahusiki hapo. Nenda kliniki na swali moja tu, "mama katulia, tunaweza kupandisha kidogo?" Na nunueni mizani, ajipime kila asubuhi akishatoka chooni kabla ya chai, akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu ni maji hayo, msisubiri tarehe ya kliniki.

Kijana_wa_Upanga: Nesi nakukubali ila Uholanzi na Tanga wapi na wapi. Wale wa FRESH-UP ni wazee wa karibu miaka 70. Ule utafiti wa THESUS-HF uliofuatilia wagonjwa 1006 katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, wastani wa umri ulikuwa 52 na kilichoharibu mioyo zaidi ni presha kama ya huyu mama. Hata ule wa Muhimbili ulionyesha hivyohivyo, na zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa na upungufu wa damu, sasa hilo mama kapimwa? Watu wanahesabu vikombe vya maji na damu yenyewe haijaangaliwa.

MfamasiaJioni: Mimi naona mnamtesa mama kwa kitu kidogo na kikubwa mnakiacha. Hata chumvi yenyewe, utafiti wa SODIUM-HF wa 2022 uliwabana wagonjwa chumvi kwelikweli, wagonjwa 806 katika nchi 6, vifo na kulazwa havikupungua, ingawa walijisikia nafuu kidogo. Lakini wale walikuwa hawali chumvi nyingi tokea mwanzo, kwa hiyo msije mkamletea ng'onda mkasema mfamasia karuhusu. Kinachookoa maisha ni vidonge, na kwenye orodha yako naona pengo, dapagliflozini haipo. Mwaka 2019 utafiti wa DAPA-HF uliijaribu kwa wagonjwa 4744, vifo vya moyo na hali kuzidiwa vikapungua kama robo hivi, mwenye sukari na asiye na sukari wote sawa. Wengi wanaikataa wakisikia ni dawa ya kisukari, na bei nayo inauma sikatai, ila muulize dokta. Halafu magoti yakimuuma asinunue diklofenaki dukani, inazuia chumvi na maji mwilini na kubana figo, wengi wanarudi wodini kwa kitu hicho.

BintiTanga: Asanteni mno. Damu hajapimwa tangu atoke wodini. Ila mmenitisha, diklofenaki kweli anayo kwenye pochi, na madafu anakunywa kila jioni, jirani anamletea. Na kuna chumvi ya supamaketi wameandika sodiamu kidogo nimemnunulia juzi.

NesiZamuYaUsiku: Hiyo chumvi itoe jikoni leo. Sodiamu wameipunguza wakaweka potasiamu, na mama anameza losartani na spironolaktoni ambazo zote zinabakiza potasiamu mwilini, ongeza na dafu la kila siku. Spironolaktoni ni dawa nzuri sana, kwenye utafiti wa RALES wa 1999 ilipunguza vifo kwa asilimia 30, lakini madaktari wa Ontario kule Kanada walipoanza kuiandika kwa wingi bila kufuatilia vipimo, waliolazwa kwa potasiamu kupanda wakaongezeka na vifo pia. Potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama ghafla bila hata kuvimba. Mkongwe shikamoo, ila madafu yasimame kwanza. Kesho mpeleke apimwe potasiamu, kreatinini (kipimo cha figo) na wingi wa damu kwa pamoja, na hiyo pochi uibebe, dokta aone kila kilichomo.

Mkongwe77: Marahaba nesi. Mimi mwenyewe natumia losartani, na mimi nipime?

NesiZamuYaUsiku: Wewe ndo nenda kabisa babu.