Naomba ushauri: kufunga fito za mtego wa ndege wa kizamani wa Ireland

Wakuu habari, nipo Mayo huku Ireland, mzee jirani yangu mikono inamtetemeka siku hizi kaniomba nimtengenezee ule mtego wa ndege waliotumia utotoni kijijini, fito zinapangwa juu kwa juu zikizidi kuwa fupi mpaka inatokea kama piramidi, zinabanwa kwa kamba, alafu upande mmoja unainuliwa na kijiti, kipindi cha theluji wanamwaga makombo chini yake ndege akiingia akigusa tu unamfunika. Ni wa kuweka ukutani tu jamani, ndege pori huku wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya 1976. Shida fito zinachomoka kwenye kona, waliowahi kusuka matenga mnakazaje? Fito mbichi au zilizokauka? Nataka sana aushike mkononi akiwa bado na nguvu.