Nimelipa dola 38,000 Nairobi, kijiko hakijafika. Nifungue kesi Dar au Kenya?

Mchukuzi wa Mbeya
Wakuu, heshima kwenu. Mwezi wa tatu nililipia kijiko kilichotumika (ile mashine ya kuchimba) kwa kampuni moja ya Nairobi. Invoisi na karatasi ya benki ninazo. Mpaka leo hakijavuka Namanga. Kwanza "kinapigwa rangi", kisha "kiko forodha", sasa simu haipokelewi. Nasikia mkurugenzi anauza magari ya kampuni moja moja. Ana pia kiwanja Goba, hapa Dar. Mkataba unasema mgogoro wowote utaamuliwa na mahakama za Kenya. Naweza kufungua kesi Dar, nikazuia kiwanja na akaunti zake?

Kaka Bandari
Pole mkuu. Mganga wa Sumbawanga ni nafuu kuliko wakili wa Nairobi 😂

Wakili wa Kijiweni
Pole ndugu. Hicho kifungu ndicho tatizo lako la kwanza. Ukifungua Dar, siku ya kwanza tu wakili wake anasimama na pingamizi la awali: mahakama haina mamlaka. Mtabishana miezi huku magari yanaisha. Tuseme umeshinda. Kenya husajili hukumu za mwisho za Tanzania za kulipa fedha, ndani ya miaka 6, ila itauliza kama mahakama ya huku ilikuwa na mamlaka juu yake, na mkataba mliosaini utakuumbua. Zuio la muda ndiyo kabisa, si hukumu ya mwisho, halivuki mpaka kwa njia hiyo. Hela iko Nairobi, nenda Nairobi.

Goba: hati ina jina la nani? Kampuni ni mtu mwingine kisheria. Ukiishtaki peke yake, kiwanja cha mkurugenzi hukigusi. Muunganishe na yeye binafsi kwa ulaghai, kama meseji za uongo ni zake.

Msee wa Eastlands
Pole sana boss. Mimi nilipitia hii maneno. Ombi la zuio linapelekwa mahakama ya Milimani, Nairobi, kwa hati ya dharura, jaji anasikiza upande wako pekee kabla jamaa ajue. Unaonyesha kesi yako ina uzito, ana mali, na kuna hatari ya kweli ataificha. Hapo mwisho ndipo wengi huanguka. "Nasikia anauza" haitoshi. Piga picha matangazo ya hayo magari, na tarehe zionekane.

Wakili wa Kijiweni
Sahihi kabisa. Hili zuio mnalosikia likiitwa Mareva ni jina la kampuni ya meli. Mwaka 1975 wenye meli waliomkodisha mtu meli yao hawakulipwa, na nauli ya mzigo wa mbolea wa kwenda India ilikuwa imekaa benki London, inaweza kuhamishwa kwa simu moja. Lord Denning na wenzake wakaizuia kabla ya hukumu.

Ila usidhani ukizuia umelipwa. Zuio linamkataza yeye kutapanya mali tu, halikutangulizi mbele ya benki yenye rehani.

Mchukuzi wa Mbeya
Asante wakuu. Kuna kitu sikusema. Mwezi wa tano alinirudishia dola 5,000, nikasaini barua kwamba nitasubiri salio mpaka Desemba. Nikiinyamazia?

Wakili wa Kijiweni
Usithubutu! Unaposikilizwa peke yako unatakiwa umwambie jaji hata yanayokuumiza. Akiiona hiyo barua mkononi mwa mwenzako, zuio linafutwa na gharama juu yako. Iweke kwenye kiapo chako cha maandishi, kisha eleza kwa nini husubiri tena. Pia utaahidi kumfidia ikija kuonekana hukustahili zuio, na kwa kuwa unaishi nje ya Kenya anaweza kuomba uweke dhamana ya gharama. Jipange kifedha.

Msee wa Eastlands
Na barua yenyewe inakusaidia, si amekubali deni?

Mchukuzi wa Mbeya
Nimerudi. Dogo kanifanyia upekuzi ardhi leo. Goba ni jina la mke wake.

Wakili wa Kijiweni
Tangu lini?

Mchukuzi wa Mbeya
Mwezi wa nne mwaka huu. Kabla ya hapo lilikuwa la kwake.

Wakili wa Kijiweni
Mwezi mmoja baada ya wewe kulipa. Omba nakala yenye muhuri kesho asubuhi, umtumie wakili wa Nairobi kabla hajamaliza kuandika kiapo.