Acheni kuwatuma watu wanunue nyumba za kukarabati katika mji wa kale kwa kuangalia wastani wa bei!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kila anayeuliza anunue wapi nyumba mbovu, aikarabati na kuiuza katika mji mdogo wa kihistoria, jibu ni lile lile: "Nenda katikati ya mji wa kale, wastani wa bei uko juu, faida ipo." Wanaojibu hivyo wengi ni madalali na wauza mafunzo. Nyumba ikikwama huwaoni tena.

Huo wastani mmeupata wapi? Mji mdogo hauuzi nyumba nyingi. Chukua mtaa ambao mwaka mzima zimeuzwa nyumba sita: tano kwa 100 kila moja, na jumba moja la kifahari kwa 400. Wastani ni 150, na hakuna nyumba hata moja iliyouzwa kwa 150! Lakini mgeni anapigiwa hesabu ya 150. Anaambiwa ile kanuni ya asilimia 70: chukua asilimia 70 ya bei utakayouzia, hapa 105, toa ukarabati, tuseme 30, nunua kwa 75. Akimaliza kazi kashatumia 105 kwenye nyumba ya 100, na hapo riba ya mkopo na ada za mauzo hazijaguswa. Dalali yeye kashalipwa.

Halafu mpaka wa hifadhi, yaani mpaka wa eneo ambalo majengo yake ya kale yanalindwa kisheria, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Mpaka huo unaweza kupita katikati ya barabara: upande huu unabadilisha madirisha bila kumuuliza mtu, upande wa pili unasubiri kibali huku mkopo unakula riba. Si jambo la jana. Charleston, Marekani, iliweka sheria ya eneo la kihistoria tangu 1931. Uingereza, kubadilisha sura ya jengo lililo kwenye orodha ya majengo ya kihistoria bila kibali ni kosa la jinai, na amri ya kurekebisha inaweza kumwangukia mmiliki mpya ambaye hakugusa hata msumari.

Nilionyeshwa nyumba ya namna hiyo, ndani ya eneo la hifadhi, madirisha ya mbao yameng'olewa na kuwekwa ya plastiki. Nikaomba nionyeshwe kibali cha kuyabadilisha. Dalali akaniambia, "Majirani wote wamefanya hivyo." Nikaondoka. Ikauzwa kwa vijana wawili waliooana karibuni, na sasa wao ndio wameamriwa kuyatoa kwa gharama zao. Aliyeyaweka yuko mtaa mwingine anakarabati nyingine.

Na saruji! Kuta za zamani zilizojengwa kwa chokaa zinapumua; unyevu unaoingia unapata njia ya kutoka. Ukizipaka plasta ya saruji, maji yanabaki ndani ya ukuta. Gonga kwa kidole karibu na sakafu: pakilia patupu, plasta imeshaachia. Ukiona unga mweupe unaotoka ukipitisha kiganja, hiyo ni chumvi inayosukumwa na maji. Wakarabati wa haraka wanapaka rangi juu yake, wanapiga picha, wanauza kabla ya mvua. Kisha mtaa mzima unapata sifa mbaya, na hata aliyefanya kazi ya haki bei yake inashuka.

Mtu akiniuliza mimi, namwambia atafute mitaa iliyo nje kidogo ya mpaka wa hifadhi, pale mtu anaweza kutembea kwa miguu hadi mjini, lori la mchanga linafika mlangoni, na wanaonunua ni familia zinazotaka kuishi. Alinganishe nyumba na nyumba zinazofanana nayo, za mtaa ule ule, zilizouzwa kweli. Bei za kwenye matangazo azipuuze. Aende na fundi anayejua chokaa kabla ya kutoa hata malipo ya awali, na aulize mvua kubwa ikinyesha maji hupita wapi, maana miji mingi ya kale ilijengwa kando ya mto au bahari.

Sasa nyinyi mnaosifia katikati ya mji humu kila siku, nawataka mjibu hapa hapa: wekeni bei halisi za mauzo ya mtaa mmoja mmoja, na vibali vya zile nyumba mlizouza. Kama hamna, futeni matangazo yenu.