Pasipoti ibaki hotelini au nitembee nayo?

Mgeni wa Njia:
Ndugu wanajukwaa, natarajia kusafiri nje ya nchi kwa mara ya kwanza, nami nitakuwa peke yangu. Wapo wanaosema pasipoti isiachwe chumbani kamwe, na wapo wanaosema kutembea nayo ni kumrahisishia mwizi kazi. Ipi ni njia salama, na fedha nizigawanye vipi?

Babu Mizigo:
Anza na sheria ya nchi unayokwenda, kwa sababu jambo hili si la hiari kila mahali. Japani, kwa mfano, humtaka mtalii awe na pasipoti yake kila atokapo, na nakala haitoshi. Pale ambapo sheria haidai hivyo, mimi huifungia kwenye sefu ya chumbani na kutoka na nakala. Hata hivyo, sefu hizo zisikuhadae: kwa kawaida hoteli huwa na namba kuu ya kuzifungulia mgeni anaposahau yake, kwa hiyo zinakukinga dhidi ya mdokozi wa kupita tu, si dhidi ya mfanyakazi mwenye nia mbaya. Kuhusu fedha, beba za siku hiyo tu mfukoni, na kadi ya pili, ikiwezekana ya benki nyingine, uiache mbali na ya kwanza. Mkanda wa fedha wa kuvaa ndani ya nguo ni mzuri, ila ukiufungua mbele ya muuzaji umekwisha kuonyesha hazina ilipo.

Binti Safari:
Nakubaliana na Babu, lakini naona mnaihofia pasipoti na kuisahau simu, ambayo ndiyo yenye benki, barua pepe na tiketi zako. Weka namba ya siri kwenye laini yenyewe, si kwenye skrini peke yake, kwani mwizi anaweza kuichomoa laini, akaitia kwenye simu nyingine na kupokea namba za uthibitisho zinazotumwa na benki. Piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya kipekee ya kuitambulisha simu yako, ambayo ina tarakimu 15, kisha uiandike kwenye karatasi.

Mgeni wa Njia:
Nawashukuru. Je, pasipoti ikiibwa licha ya hayo yote?

Karani Mstaafu:
Ripoti polisi na udai taarifa ya maandishi, kwa kuwa ubalozi wako huenda ukaihitaji kabla ya kukupa hati ya dharura, na kampuni za bima huidai pia, mara nyingi zikitaka uwe umeripoti ndani ya saa 24. Ukishatangaza kwamba imepotea, usisafiri nayo tena hata ukiiokota chini ya kitanda. Tangu mwaka 2002 Interpol, shirika la polisi la kimataifa, ina hifadhidata ya hati zilizoibwa au kupotea, na afisa wa mpakani akiikuta namba yako humo, atakuzuia wewe uliye mwenyewe halali wa pasipoti hiyo.