Ghala langu la dawa za mabwawa limetiwa lakiri: naomba ushauri wa haraka

MuuzaDawa_Fuoni:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mfanyabiashara mdogo hapa Unguja, nauza dawa za kusafishia maji ya mabwawa ya kuogelea, na wateja wangu wengi ni hoteli za Kiwengwa na Nungwi. Wiki iliyopita wakaguzi walifika ghalani kwangu Fuoni, wakakuta klorini ya unga na madumu ya asidi, wakanitaka kibali cha kuhifadhi kemikali. Niliwaonesha nyaraka za mzigo nilizopewa na muuzaji wangu wa Dar es Salaam, wakasema hazitoshi. Walifunga mlango, wakatia lakiri, yaani muhuri wa kuzuia mlango usifunguliwe, mbele ya sheha wa mtaa, wakaniachia hati ya kunitaka nifike ofisini kwao. Mzigo umeshalipiwa na hoteli na huu ndio msimu wa wageni. Je, ninaweza kudai lakiri iondolewe kabla shauri halijamalizika, na je, kibali cha Bara hakitambuliki huku?

MwanaVuga:
Wa alaykum salaam. Nianze na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo linalowaponza wafanyabiashara wengi. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, yaani Sura ya 182, ni ya Tanzania Bara, na kemikali hazimo katika orodha ya Mambo ya Muungano, yaani yale yanayoendeshwa kwa pamoja na Bara na Zanzibar, iliyoambatishwa kwenye Katiba ya mwaka 1977. Kibali kilichotolewa Dar es Salaam kinakusaidia mpaka mzigo unapopakiwa. Ukishashuka bandarini Malindi, hapa Unguja, unaingia chini ya mamlaka za Zanzibar. Huku tuna Mkemia Mkuu wetu wa Serikali, na mambo ya mazingira yana sheria yake, Namba 3 ya mwaka 2015. Muuzaji wako hakukudanganya, ila hakukumalizia maneno.

BiMwani_Paje:
Wafanyabiashara wetu wanapenda faida kuliko roho za watu, na hilo lazima lisemwe. Kikundi chetu kinatengeneza sabuni ya mwani kwa mafuta ya nazi na kostiki soda. Siku za mwanzo mwenzetu mmoja alimimina maji juu ya soda badala ya kutia soda kidogo kidogo ndani ya maji. Ile ndoo ilichemka yenyewe, ikamrukia mkononi, na alama anazo hadi leo. Tangu hapo hakuna anayegusa soda bila glavu na miwani, na watoto hawakaribii kibanda siku ya kupika. Lakini nendeni sokoni mkaone watu wanavyouza dawa ya kung'arishia nguo ndani ya chupa za maji ya kunywa, bila jina wala alama. Mimi wakaguzi nawaunga mkono, waongeze bidii.

Yahe_wa_Ng'ambo:
Wageni na waoge baharini, yahe. Bahari haijawahi kutiwa lakiri.

FundiBwawa:
Mimi nahudumia mabwawa ya hoteli, kwa hiyo nitaacha sheria nizungumze kazi. Maji ya bwawa yanatakiwa kuwa na klorini huru kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na kipimo cha uchachu, yaani pH, kati ya 7.2 na 7.8. Klorini ya unga hupandisha kipimo hicho, ndiyo maana hoteli hununua na asidi ya kukishushia. Wateja ni wale wale na gari ni lile lile, basi wauzaji huviweka vyote katika chumba kimoja, na hapo ndipo balaa lilipo, kwani asidi ikiifikia klorini ya unga hutoka gesi ya klorini, ile ile iliyotumika vitani Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Tazama alama za pembe nne zenye ukingo mwekundu kwenye vifungashio vyako: klorini ina mwali juu ya duara, asidi ina mchoro wa kimiminika kinachokula mkono na chuma. Mimi mwenyewe nilimwona kijana akichota klorini ya tembe kwa kopo lililokuwa na masalia ya unga. Kopo lilianza kutoa moshi mkononi mwake, akalitupa nje kwenye mchanga. Na hizo zote mbili huitwa klorini. Sasa, mleta uzi, jibu mambo mawili: asidi na klorini zimetengana kiasi gani humo ndani, na tarehe ya kufika ofisini ni lini?

MuuzaDawa_Fuoni:
Ahsante, fundi. Zimetenganishwa kwa ukuta wa mbao. Tarehe imeshapita, nilikuwa na dharura ya kifamilia.

MwanaVuga:
Bwana, mtu mwenye mzigo wa hoteli uliofungwa haachi tarehe ipite hivi hivi. Lakiri ipo mlangoni au haipo?

MuuzaDawa_Fuoni:
Haipo. Naomba mnisikilize kabla hamjanihukumu. Usiku wa siku ya tatu nilipita pale nikasikia harufu kali, nikachungulia dirishani nikaona moshi wa manjano umetanda juu darini. Ningefanya nini? Kuna nyumba za watu pande zote. Nilikata lakiri, nikafungua milango, nikatoa baadhi ya ndoo. Naamini mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo, na sioni kwa nini niadhibiwe kwa kuwaokoa majirani.

Karafuu_Wete:
Hapa nitamtetea kidogo. Kutia lakiri si sawa na kuondoa hatari. Beirut, Lebanon, palikuwa na tani zipatazo 2,750 za amonia naitreti, kemikali ya mbolea inayoweza kulipuka, zilizoshikiliwa na kuwekwa ghalani tangu mwaka 2014, kila ofisi ikiandika barua kwa ofisi nyingine, mpaka tarehe 4 Agosti 2020 zikalipuka na kuua watu zaidi ya 200. Mkaguzi anayekuta asidi na klorini chini ya paa moja la bati, akafunga mlango na kuondoka, amelinda ushahidi, majirani hajawalinda. Ilipasa vitenganishwe siku ile ile mbele yake, na gharama alipe mwenye mali.

Mdadisi_Michenzani:
Samahani, mimi nadhani tunatungiwa hadithi. Gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa takriban mara mbili na nusu; hutambaa chini na kujaa mashimoni. Moshi wa manjano uliotanda darini ni wa kwenye filamu. Halafu mtu aliyefungua ghala lililojaa gesi hiyo usiku, peke yake, bila kifaa cha kupumulia, angekuwa anatuandikia kutoka wodini. Na maswali yenyewe, mamlaka za Bara na Zanzibar, utekelezaji, haki za mfanyabiashara, yamepangika mno. Huyu ni mwanafunzi wa chuo, sisi tunamfanyia kazi yake.

BiMwani_Paje:
Kama ni mwanafunzi, basi arudishe dua zangu, maana nimeshamwombea.

FundiBwawa:
Kuhusu gesi Mdadisi yupo sahihi, nami nilijizuia kusema kwa kumsitiri. Ila si lazima kisa chote kiwe cha kutunga. Huenda moshi ndio uliotungwa na lakiri ikawa imekatwa kweli.

MuuzaDawa_Fuoni:
Mimi si mwanafunzi, nina watoto wanne. Moshi haukuwapo. Nilifungua kwa sababu meneja wa hoteli alinipigia kwamba maji yameanza kuwa ya kijani na wageni wanalalamika, na fedha zake nilikuwa nimeshazitumia kununulia mzigo huo. Nilitoa ndoo kumi na madumu mawili. Bwawa lisilo na dawa nalo ni hatari, watu hushikwa na maradhi ya tumbo na ngozi; hilo mbona hamlisemi? Kwa sasa nimekubaliana na kaka yangu tuhamishie kilichobaki kwake Mwanakwerekwe, ili wakija wakute ghala tupu na jambo liishe.

MwanaVuga:
Jambo halitaisha, litaongezeka. Kukosa kibali kuna njia ya kurekebishwa: unaomba, unakaguliwa, unalipa, pengine na faini juu yake. Lakiri iliyokatwa na mali iliyofichwa ni mambo ya polisi na mahakama, na sheha ni shahidi wa kilichokuwamo. Kesho asubuhi nenda ofisini mwenyewe pamoja na wakili, uchukue risiti za hoteli, orodha ya ulivyotoa na karatasi za taarifa za usalama kutoka kwa muuzaji wako. Uombe rasmi mali itenganishwe chini ya usimamizi wao. Hoja ya Karafuu_Wete kuhusu hatari ya mlango uliofungwa ina nguvu ikisemwa ofisini, haina nguvu ikisemwa na mtu aliyekamatwa njiani usiku.

MuuzaDawa_Fuoni:
Nimekuelewa, lakini gari la kaka limeshafika na vijana wameanza kupakia.

FundiBwawa:
Wanapakia nini na nini katika gari moja? Wasimamishe kwanza, halafu ujibu.