Mtoano wa Vilima Vinne: ubaki au uondolewe?

Mleta mada:
Wakuu, kila mwisho wa mwaka hoja hii hurudi, basi tuichambue. Mashindano ya Vilima Vinne ya kuruka kwa skii (mbao ndefu za kuteleza kwenye theluji; mrukaji hushuka mteremko kisha huruka mbali hewani) yalianza Januari 1953, na bado yanazunguka Oberstdorf na Garmisch-Partenkirchen upande wa Ujerumani, kisha Innsbruck na Bischofshofen upande wa Austria, ambako humalizikia tarehe 6 Januari. Tangu msimu wa 1996/97 duru ya kwanza ni ya mtoano. Warukaji 50 hupangwa jozi 25: wa 1 kwenye mchujo (miruko ya kufuzu ya siku ya kabla) na wa 50, wa 2 na wa 49, hadi wa 25 na wa 26. Washindi 25 wanapita kwenda duru ya pili, wanaongezwa washindwa 5 wenye alama nyingi, jumla 30. Kwingineko kwenye Kombe la Dunia la wanaume la mchezo huu hakuna habari ya jozi, 30 bora wanapita basi. Msimamo wangu: uondolewe. Bingwa wa Vilima Vinne hupatikana kwa kujumlisha alama za miruko minane, miwili kila kilima, siyo kwa kuangalia nani kamtoa nani. Sasa jozi za nini?

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, jozi zina kazi, na kazi yenyewe ni upepo. Wa usoni humbeba mrukaji, wa mgongoni humkandamiza chini. Wawili wa jozi moja huruka wakifuatana, yule wa chini kwenye mchujo akitangulia, kwa hiyo hali ya hewa yao inakaribiana sana. Ukimpima aliyeruka wa 3 na aliyeruka wa 48, hapo katikati imepita karibu saa nzima. Bischofshofen jioni upepo unaweza kugeuka mara tatu ndani ya muda huo.

Mchangiaji wa 2:
Hoja hiyo ilikuwa na mashiko mwaka 1997. Siku hizi kuna fidia ya upepo, iliyojaribiwa kwanza kiangazi cha 2009. Vipimo vimewekwa kandokando ya mteremko. Ukipata upepo wa usoni unakatwa alama, wa mgongoni unaongezewa. Hata geti la kuanzia, pale mrukaji anapoanzia kuteleza, likishushwa au kupandishwa katikati ya duru linaingizwa kwenye hesabu.

Mchangiaji wa 1:
Fidia hupima upepo unaofuata mteremko tu, wa kupanda au kushuka. Wa ubavuni, ule unaoinua skii moja na kuiacha nyingine, hauna hesabu. Halafu kinachotumika ni wastani. Kuna wanaopata msukumo mzuri pale chini karibu na kutua, ambako kila sekunde hewani ni mita, na mwingine akaupata juu pasipomfaa. Kwenye karatasi wote wawili wanakatwa sawa.

Mchangiaji wa 3:
Acheni upepo kidogo, tushike kalamu. Ili mtu atolewe, lazima wawepo washindwa 5 waliompita, kila mmoja na mshindi wake aliye juu zaidi, halafu mshindi wa jozi yake mwenyewe. 5 na 5 na 1 ni 11. Maana yake 11 bora wa duru hawawezi kutoka kamwe, lakini wa 12 anaweza. Na siku hiyohiyo, kama wa 49 amekutana na wa 50, wa 49 anapita! Ni nadra, kweli, ila kanuni inaruhusu.

Sasa angalia gharama. Ukitua kwenye alama ya K, yaani umbali wa msingi wa kilima (Garmisch ni mita 125), unapata 60. Waamuzi wa mtindo wa kuruka ni watano, alama ya juu na ya chini zinafutwa. Wakikupa 18 kila mmoja ni 54. Jumla 114. Kwa vilima vya ukubwa huu mita moja ni alama 1.8, hivyo kukosa mruko wa pili ni kama kuachwa mita 63. Ndoto ya ubingwa inaishia palepale. Na pointi za Kombe la Dunia ni sifuri, maana zinaishia nafasi ya 30.

Mchangiaji wa 4:
Ndugu, hesabu sawa, ila tazama na historia. Miaka yote kabla ya mtoano hakuna aliyeshinda vilima vyote vinne. Katika enzi za mtoano wamepatikana watatu: Sven Hannawald 2001/02, Kamil Stoch 2017/18 na Ryoyu Kobayashi 2018/19. Mfumo unaomwonea aliye bora ungetoa hao?

Mleta mada:
Hapo umechemka, mkuu. Hao hawakushinda kwa sababu ya jozi. Mrukaji wa kiwango kile ni kati ya wale 11 ambao hawatoki. Anayeumia ni wa katikati, wa 12 hadi wa 20. Na mfano wa bila jozi tunao: tarehe 28 Desemba 2020 Wapoland walizuiwa mchujo wa Oberstdorf kwa sababu ya kipimo cha korona cha mmoja wao. Vipimo vya marudio vikaja safi, mchujo ukafutwa, na kesho yake wakaruka wote 62 bila jozi. Karl Geiger akashinda, Stoch wa pili, na mwishowe Stoch huyohuyo akachukua ubingwa wa msimu ule. Kilichoharibika ni nini?

Mchangiaji wa 4:
Mchujo ndio ungeharibika, kama ingekuwa hivyo kila mwaka. Zamani walio juu kwenye Kombe la Dunia walikuwa na tiketi mkononi, wengine hawarukii mchujo kabisa, kesho wanapangwa mkiani na kukutana na vigogo wenzao. Tangu 2017/18 kila mtu lazima afuzu. Ondoa jozi, na kwa wakubwa siku ya mchujo itarudi kuwa mazoezi.

Mchangiaji wa 3:
Basi msiung'oe, muurekebishe. Washindwa wanaopita wawe 10 badala ya 5. Kwa hesabu ileile, 21 bora wanakuwa salama, na duru ya pili inaongezeka miruko mitano.

Mchangiaji wa 2:
Watakuwa 35, na pointi ni za 30. Hao watano wa mwisho unawarusha bure?

Mchangiaji wa 3:
Siyo bure. Alama zao za Vilima Vinne zinaendelea kuhesabiwa hadi Bischofshofen.